Bia ya siagi ya Harry Potter nyumbani: achana na soda, tafuta kimea

Kama umekuja kuulizia tu ile sirapu ya tofi inayouzwa mtandaoni, jibu ni usinunue. Mimi niliagiza chupa moja, ikanifikia kwa bei inayokaribia kreti nzima ya soda, na ndani yake kuna sukari, rangi na harufu ya siagi. Siagi yenyewe hamna. Wenye muda na sufuria, tuendelee.

Kwa wasioijua, bia ya siagi ndicho kinywaji cha akina Harry Potter, wale wachawi wadogo wa vitabu vya hadithi, wanaporuhusiwa kutoka shuleni kwao Hogwarts kwenda kijiji cha Hogsmeade, kwenye baa ya Madam Rosmerta, nje theluji imetanda. Inaanza kuonekana kwenye kitabu cha tatu, cha mwaka 1999, na pale inaletwa mezani ya moto, povu limejaa juu ya kikombe. Hilo la moto lishike, tutalirudia. Wanafunzi wanaikunywa bila shida. Kwenye kitabu cha nne yupo mtumishi mdogo anayeitwa Winky, yeye inamlewesha kabisa, lakini yule si binadamu. Yangu haina tone la kilevi, tunaikunywa na watoto na bibi yao.

Mpwa wangu ndiye aliyeanza. Alikuwa anamaliza mfululizo mzima, akanisumbua: "Anti, tutengeneze na sisi." Nikamkubalia.

Maelekezo yaliyozagaa mtandaoni ni ya aina moja: soda ya vanila iliyopoa, sirapu, halafu krimu ya kupiga juu. Haya yamefuata ile ya baridi iliyoanza kuuzwa kwenye bustani ya burudani ya Universal, Orlando, ilipofungua upande wa Harry Potter mwaka 2010. Orlando kuna joto, kwa hiyo nawaelewa. Kwa nyumbani, hata hivyo, soda tamu ukiongeza sirapu tamu na krimu yenye sukari, mafunda matatu unatafuta maji. Mpwa wangu aliyeimaliza aliimaliza kwa kiburi tu.

Wengine wanashauri uyeyushe siagi halisi na sukari ya brauni, umimine humo humo kwenye soda ya baridi. Fikiria kidogo kabla hujamwaga siagi yako. Ikikutana na baridi inaganda palepale, inaelea vipande vipande vya manjano, na glasi inabaki na mafuta ukingoni. Ukitaka lazima ya soda, changanya kwanza siagi na sukari motoni, weka krimu na chumvi kidogo mpaka iwe rojo zito, iache ipoe, ndipo umimine soda juu yake taratibu, kwa sababu itafura. Inanyweka. Utamu lakini uko pale pale.

Mwandishi wa hadithi, J. K. Rowling, aliwahi kusema aliiwazia kama ladha ya tofi ya siagi, ila isiyokinaisha. Hapo ndipo nilipoachana na soda. Nikaenda kutafuta ya zamani, maana Waingereza walikuwa wanakunywa bia yenye siagi karne nyingi kabla ya Hogwarts. Kuna kitabu chao cha mapishi cha mwaka 1594 chenye maelekezo kamili: painti tatu za bia, viini vitano vya mayai, nusu ratili ya sukari, kungumanga, karafuu na tangawizi za kusagwa. Inapashwa motoni, ikikaribia kuchemka inaepuliwa, inatiwa siagi, kisha inamiminwa kutoka chombo hiki kwenda kile.

Ukiangalia viungo hivyo, kwetu vyote viko kwenye kopo la chai. Wao walikuwa wanavipata kwa taabu: karafuu za wakati ule zilitoka visiwa vya Maluku, huko Indonesia ya leo. Unguja na Pemba zilianza kilimo cha mikarafuu karne ya 19. Mimi nilinunua zangu Kariakoo, na chenji nikarudishiwa.

Badala ya bia nilitumia kinywaji cha kimea kisicho na kilevi, kile cha kopo kinachouzwa kila duka. Chukua ambacho hakijatiwa ladha ya tunda. Kimea kina uchungu kidogo, na uchungu huo ndio unaoshika utamu usipande kichwani. Kwa makopo mawili ya mililita 330 mimi naweka viini viwili, sukari ya brauni vijiko viwili vikubwa, robo kijiko cha chai cha kungumanga, tangawizi kiasi hicho hicho, na karafuu ya unga ncha ya kisu tu. Karafuu ukiizidisha utadhani umetoka kwa daktari wa meno.

Pasha kimea na viungo mpaka moshi uanze kupanda. Pembeni, piga viini na sukari kwa uma hadi vipauke. Chota kimea cha moto, kitie kwenye viini kidogo kidogo huku unakoroga, ndipo urudishe vyote kwenye sufuria, moto mdogo. Usiondoke. Usipokee simu. Ikianza kushika mgongo wa mwiko, epua. Ikichemka tu, una mayai ya kukoroga yenye harufu ya kimea. Sasa tia siagi ya baridi, gramu 30 hivi, na nasema siagi ya maziwa, si majarini ya kupaka mkate. Majarini inaacha utando mdomoni.

Baada ya hapo chukua majagi mawili, mimina kutoka hili kwenda lile, mkono ukiwa juu, vile mtu anavyompozea mtoto uji. Hapa ndipo inapobadilika. Mara ya kwanza unaona mafuta yameelea, mara ya tatu yamepotea ndani, inakuwa rangi ya chai ya maziwa, na povu laini linapanda bila krimu yoyote. Kunywa ikiwa moto. Ikipoa siagi inarudi juu, na kuipasha tena sikushauri kwa sababu ya mayai.

Mama mkwe alimaliza kikombe, akauliza kama kimebaki, kisha akasema ingefaa na iliki. Tuliijaribu. Inafaa, ila inakuwa kitu kingine, si cha Hogsmeade tena.

Ya soda naipa nyota mbili, sirapu ya kuagiza sifuri. Ya kimea nyota nne na nusu, hiyo nusu nimeikata kwa sababu ya vyombo: sufuria, bakuli, majagi mawili, vyote vina mafuta, na mpwa wangu wakati wa kuosha huwa ana kitabu cha kumalizia.