Oksidi ya grafini ya maji, chupa ya mililita 250: inafaa kubebea asidi ya ganda la korosho?

Kwa maabara ya Mtwara inayotaka kuingiza kemikali ya mmea ndani ya seli za saratani, chupa hii ni mwanzo mzuri. Ila usiimimine kwenye seli kama ilivyo. Lebo inasema miligramu 4 za oksidi ya grafini (karatasi nyembamba mno za kaboni zenye oksijeni; hapa tunaziita grafini tu) kwa kila mililita ya maji, na pH inakaribia 2, yaani ni chachu sana. Ukiitikisa, rangi ya kahawia inarudi sawasawa, haina mabonge. Kwa ubora wa malighafi hatuna neno.

Asidi ya anakadi, iliyojaa kwenye mafuta ya ganda la korosho, ina mkia mrefu unaokataa maji, kwa hiyo peke yake hujitenga haraka. Grafini ina pete za kaboni zinazoshikana na pete ya asidi hiyo, na oksijeni inayoifanya ielee majini. Seli humeza karatasi na mzigo wake. Mwaka 2008 kundi la Hongjie Dai, Chuo Kikuu cha Stanford, lilibeba hivyo SN38, jamii ya kamptothesini inayotoka kwenye mti wa Kichina Camptotheca acuminata.

Tatizo la kwanza ni ukubwa: karatasi nyingi ni za mikromita, seli haziwezi kuzimeza vizuri. Zimua hadi miligramu 0.5 kwa mililita, weka kwenye beseni la sonikata (kifaa kinachovunja chembe kwa mawimbi ya sauti) lenye barafu kwa saa mbili, na barafu ibadilishwe kila inapoyeyuka. Kwa joto la huku pwani, beseni la sonikata hupata moto upesi. Grafini ikipata joto hupoteza oksijeni, inakuwa nyeusi na kushikamana. Hapo umeharibu chupa.

La pili ni chumvi, na hapa ndipo wengi hukwama. Ndani ya maji safi grafini inatulia, lakini ukiitia kwenye maji ya kukuzia seli, chumvi huzima chaji zake na mabonge huzama ndani ya dakika chache. Lazima ivishwe kwanza PEG, yaani polima inayopenda maji. Kundi la Dai lilitumia PEG ya matawi sita yenye amini (vikundi vya nitrojeni), na EDC kama gundi ya kemikali, baada ya kuiongezea grafini vikundi vya asidi kwa soda kali na asidi ya kloroasetiki. Muuzaji angeweza kutoa chupa iliyokwisha kuvishwa, hilo tunalidai.

Mzigo wenyewe upo jirani, kwa wabanguaji. Omba maganda yasiyokaangwa. Kukaanga kwenye mafuta ya nyuzi 190 hivi hugeuza asidi ya anakadi kuwa kadanoli, na utapima kemikali nyingine kabisa. Vaa glavu za nitrili; mafuta hayo mabichi yanababua ngozi.

Yeyusha asidi kwenye ethanoli, idondoshe polepole huku grafini ikikorogwa gizani usiku kucha, kisha zungusha kwenye sentrifuji. Asidi isiyoshikwa hujikusanya na kuzama pamoja na grafini, na kiwango cha mzigo kikaonekana kikubwa kuliko kilivyo. Kwa hiyo andaa chupa ya kulinganisha isiyo na grafini. Ukipima kwa mwanga wa UV wa nanomita 280, hakikisha hakuna hata chembe ya grafini iliyobaki, kwa kuwa nayo hunyonya mwanga huohuo.

Kipimo cha MTT, rangi inayoonyesha seli zilizo hai, usikiamini: grafini hubadilisha rangi yake hata pasipo seli hai, dawa ikaonekana haiui. WST-8, rangi nyingine ya kazi hiyohiyo, baada ya kusafisha seli, ni afadhali zaidi.

Hifadhi kwenye friji ya nyuzi 4, kamwe si kwenye friza, maana ikiganda haitaelea tena vizuri. Chupa ni ya maabara tu, haimezwi. Mgonjwa wa saratani aende hospitali.

Alama zetu: 4 kati ya 5 kwa malighafi, 2 kwa maelekezo, kwani kikaratasi kilichomo hakisemi lolote kuhusu chumvi.