Utepe wa butili kwenye boti yangu ya faiba ya 1974, baada ya masika mawili

Nimesubiri masika mawili yapite ndipo niandike, kwa sababu kila dawa ya kuzibia maji hupendeza siku ya kwanza. Ninayoizungumzia ni utepe wa butili, ule wa kijivu unaouzwa kwa ajili ya boti, ambao nimeutumia kufungia upya karibu kila chuma cha sitaha kwenye boti yangu ya futi 16. Boti iliundwa Uingereza mwaka 1974 na sasa iko hori ya Kilifi. Nilipoinunua ilikuwa ikivuja kila mvua inaponyesha, na mwilini haikuwa na ufa hata mmoja.

Watu wakiiona boti ya faiba ya zamani hutazama mwili. Rangi imefifia, jelkoti, lile tabaka gumu la juu ya faiba, imechubuka, basi wanasema imekwisha. Faiba ya boti hii ilitandazwa nene, na ukiugonga mwili wake unajibu kwa sauti kavu kama meza ya mninga. Kinachoziua boti hizi ni matundu ya skrubu. Sitaha si faiba tupu. Ni ngozi mbili za faiba zilizobana mbao katikati, plaiwudi kwa boti nyingine, balsa kwa nyingine. Kila kifungio cha kamba, kila bawaba, kila mguu wa reli umetoboa ngozi zote mbili. Tundu likianza kupitisha maji huyaoni upande wa pili kesho yake. Yanatambaa ndani ya ubao, na ubao unaoza gizani mwaka baada ya mwaka.

Nilipofungua kifungio cha omo, yaani mbele ya boti, upande wa kulia, bolti zilitoka kwa vidole, na nyuma yake yakafuata maji ya rangi ya chai yenye harufu ya majani yaliyovunda. Nikachukua bisibisi nikageuza mpini, nikaanza kugonga sitaha: ko, ko, ko, halafu bu, bu, sauti ya ubao uliooza. Nikauzungushia penseli mpaka wa ile sauti ya bu. Ulikuwa mpana kama sahani ya wali, umeyazingira matundu yote manne. Chini ya kifungio palikuwa na matabaka matatu ya silikoni, nyeupe, ya kioo, kisha nyeupe tena. Kila aliyeimiliki boti aliongeza yake juu ya ile ya mwenziwe.

Silikoni naisemea kwa uchungu. Ikishakauka inaacha utando usioonekana juu ya jelkoti, na juu ya utando ule rangi haishiki, gundi haishiki, hata silikoni mpya haishiki. Ndiyo maana yalikuwapo matabaka matatu na bado maji yakapita. Kuikwangua, kuisugua kwa msasa na kuifuta kwa spiriti kulinichukua muda kuliko kazi nyingine yoyote kwenye boti nzima. Gundi za poliyurethani za kushika daima, mfano 3M 5200, nazo zina mahali pake, lakini si chini ya kifungio ambacho miaka kumi ijayo utataka kukifungua. Zinashika kwa nguvu hata chuma kikitoka kinaweza kutoka na jelkoti.

Ubao uliooza nilitoa mwenyewe. Nilikunja msumari pembe mraba, nikaufunga kwenye drili, nikauingiza tunduni na kuuzungusha taratibu kati ya zile ngozi mbili mpaka unga mweusi ukaisha na ukaanza kutoka unga wa mbao safi. Nikaacha matundu wazi wiki tatu chini ya turubai, panapita upepo. Kisha nikaziba chini kwa tepu, nikamimina epoksi nyepesi kwanza inywewe na mbao, halafu nzito iliyochanganywa na unga wa silika. Nilitumia rezini ya epoksi ya West System 105, na hapa kuna jambo linalohusu sisi wa joto: hadna, ile dawa ya kuigandisha, ya 206 haina subira kwenye jua letu. Kikombe cha kwanza nilichanganya kingi kwa mara moja, kikachemka mkononi na kutoa moshi kabla sijafika omo. Hadna ya 209 ndiyo ya nchi za joto. Kipimo chake ni sehemu tatu za rezini kwa moja, tofauti na 206 ambayo ni tano kwa moja, kwa hiyo usitumie pampu za ile kwa hii. Epoksi ilipokauka nikatoboa upya katikati yake. Sasa hata maji yakipita pembeni mwa bolti yanakutana na ukuta wa epoksi, ubao hayaugusi.

Hapo ndipo utepe wenyewe unapoingia.

Butili ni mpira usiokauka. Haugeuki kuwa mgumu kama gundi, na nguvu yake haiko katika kunata bali katika kubanwa. Aliyenielewesha ni fundi mmoja wa majahazi, mzaliwa wa Matondoni kule Lamu, ambaye siku hizi anafanya kazi zake hapa ufukweni. Alisimama akatazama, akachukua kipande akakivuta kwa vidole, kikarefuka mpaka kikawa uzi.

"Mwanangu, huu ni utomvu wa mfenesi. Haukauki?"

"Haukauki, mzee."

"Basi ndio wenyewe. Kinachokauka hupasuka. Chombo kikiwa baharini kinajinyonga, hakikai kama nyumba."

Akanionyesha msumari wa jahazi kabla haujapigwa. Chini ya kichwa umezungushiwa pamba iliyolowa mafuta, na ukigongwa ukaingia, ile pamba inajibana kati ya kichwa na ubao. Hao mafundi hawamwachii msumari mtupu kazi ya kuzuia maji. Nilichokuwa nikikifanya kwa utepe wa kununua, wao wanakifanya kwa pamba na mafuta, na kalafati, pamba inayozibia nafasi kati ya mbao za mbavuni, ni hivyo hivyo, kitu laini kilichobanwa kikabaki laini. Tangu siku ile sikuhitaji tena maelekezo ya karatasini.

Namna nilivyofanya ni hii. Mdomo wa kila tundu niliupanua kidogo kwa biti ya koni, kina cha milimita mbili au tatu tu. Kazi hii ndogo usiiruke. Inazuia jelkoti isipasuke bolti inapokazwa, na inaacha kishimo ambamo butili itajikusanya kama pete kuuzunguka shingo ya bolti. Nikafuta kwa spiriti. Nikaviringisha ujiti mwembamba wa utepe nikauzungusha chini ya kichwa cha bolti, kama pamba ya yule mzee, na kipande kingine nikakitandika chini ya kifungio chote. Kisha nikakaza, na kukaza kuna adabu yake. Bolti inashikwa isizunguke kabisa, nati ya chini ndiyo inayozungushwa. Ukizungusha bolti unaisokota butili na kuivunja pete yako mwenyewe. Kwa hiyo kazi ni ya watu wawili: binti yangu alikaa juu na bisibisi, mimi nimejikunja ndani ya stoo ya omo na spana.

Hukazi mara moja ukamaliza. Siku ya kwanza nilikaza mpaka utepe ukaanza kutokeza pande zote, nikaacha. Siku ya pili robo mzunguko, ya tatu robo tena, mpaka siku ya tano pasitoke kitu. Nilichagua saa nane mchana, sitaha ikiwa haikanyagiki kwa miguu mitupu, kwa sababu joto huulainisha utepe ukatii. Kilichotokeza nilikikata kwa kipande cha plastiki kilichochongoka. Kisu kinachora jelkoti.

Kuhusu kununua, kuweni macho. Utepe wa kwanza niliupata duka moja mjini Mombasa ukiwa umeandikwa butili. Ulikuwa mweusi na ulinuka lami, nami kwa haraka niliyokuwa nayo nikafungia bawaba mbili. Ndani ya wiki moja ya jua ulikuwa umetiririka mstari mweusi hadi ubavuni, na ile alama nimehangaika nayo hata leo haijatoka yote. Ilikuwa lami ya kuzibia mapaa. Jaribio ni rahisi na muuzaji mwaminifu hatakukatalia: kata kipande cha kidole, kivute taratibu. Butili halisi inarefuka sana na kuwa nyembamba kama uzi kabla ya kukatika, na haiachi weusi vidoleni. Niliyokuja kuitumia alinitumia mdogo wangu kutoka Uingereza, roli mbili, na moja na nusu ilitosha boti nzima. Kwa bei ni ghali kuliko tyubu ya silikoni, sikatai. Ila tyubu ya silikoni ukishaifungua inakugandia kabatini, na nusu roli yangu iliyobaki iko vile vile ilivyokuja.

Kwenye vyuma vyenyewe nimejifunza kukwangua kwanza, kulipa baadaye. Vyuma vya kromu vya miaka ile vinang'aa sawasawa machoni, lakini chini yake kuna vitu viwili tofauti. Geuza upande usioonekana, kwangua kwa tupa. Ukiona manjano au wekundu, hiyo ni shaba au bronzi, ina thamani, ing'arishwe au ipakwe kromu upya. Ukiona kijivu na chuma chenyewe ni chepesi mkononi, hiyo ni zinki ya kumimina. Ikishatoa vipele vyeupe imeoza kuanzia ndani na ni vigumu mno kuirudisha. Vifungio vyangu vinne vilikuwa bronzi. Taa ya omo na makomeo mawili yalikuwa zinki, nikayaaga.

Nilivipeleka vifungio viwili kwa karakana moja ya kromu, na vilirudi vimemetameta kweli. Miezi mitatu baadaye vikaanza kuvimba na kubanduka. Kromu ni utando mwembamba mno, na kinacholinda chuma ni tabaka la nikeli lililo chini yake. Vyangu vilipobanduka niliona bronzi tupu moja kwa moja, hapakuwa na nikeli ya maana. Sasa nauliza swali moja kabla ya kuacha chuma changu popote: mtaweka shaba, kisha nikeli, nene kiasi gani, ndipo kromu? Vile vingine viwili nilivikwangua kromu yote nikaviacha bronzi wazi. Vimegeuka rangi ya asali, na nimevipenda hivyo kuliko vilivyokuwa.

Bolti zote nilibadilisha kuwa za stenlesi zenye maandishi A4 kichwani. A2 nayo ni stenlesi, ila haina molibdeni na kwenye chumvi inaanza kulia kutu. Hata A4 si ya kuachwa kwenye ubao uliolowa. Stenlesi inajilinda kwa hewa, na ikifungiwa ndani ya unyevu bila hewa inaliwa shingoni polepole. Nilizozitoa zilikuwa zima kichwani na kwenye nati, katikati zimebaki nyembamba kama njiti ya kiberiti. Hili ndilo lililonishitua kuliko hata ubao mbovu, maana zile ndizo zilizokuwa zinashika kamba ya nanga tukiwa nje ya mkondo na wanangu ndani.

Reli ya alumini inayozunguka ukingo ilikuwa na shida nyingine. Skrubu za stenlesi ndani ya alumini, ukiongeza maji ya chumvi, umetengeneza betri, na anayelipa ni alumini. Kila tundu lilikuwa na unga mweupe, na skrubu zimeganda. Nilizishika na ncha ya moto ya chuma cha kuunganishia nyaya, nusu dakika kila kichwa, zikapoa, ndipo zikakubali bisibisi. Zilizokataa, kumi na moja, nilizitoboa. Kurudishia nilipaka kila skrubu Tef-Gel, grisi ya kuzuia metali mbili zisilane, na nyuma ya reli nikatandika butili urefu wote. Mbao za msaji za ukingoni nilizisafisha kwa asidi ya oksaliki na kuzipaka vanishi tabaka sita, la kwanza nikilipunguza nusu kwa nusu.

Kasoro za butili zipo. Ukingo unaotokeza hushika vumbi na kuweka mstari mweusi, na mwaka wa kwanza jua letu lilikuwa linautokeza tena kidogo kidogo, nikawa naukata kila miezi miwili. Petroli huiyeyusha, kwa hiyo kwenye mdomo wa tangi sikuitumia. Chini ya mstari wa maji pia sikuitumia. Matundu ya tezi, yaani nyuma ya boti, yanayoshika mashine nilifungia kwa poliyurethani. Na kwa skrubu fupi zisizo na nati haikufaa sana, maana hakuna kinachoibana vya kutosha. Bawaba mbili za aina hiyo nilizifungua baada ya miezi minane nikazitilia bolti.

Masika yaliyopita yalipiga siku nne mfululizo boti ikiwa pwani. Nilikuwa nimetandika magazeti ndani ya stoo ya omo, makusudi. Nilipofungua, karatasi zilikuwa kavu, zinakatika kwa kelele. Majaketi ya kuokolea yalikuwa hayana ukungu. Nikagonga sitaha kwa ule mpini wa bisibisi kutoka omo hadi tezi, na kila mahali ilijibu ko.

Mwezi uliopita nilikifungua kifungio kimoja ili nione. Utepe wa chini ulivutika urefu wa kidole kabla ya kukatika, laini kama siku niliyouweka, na kwenye kile kishimo cha mdomo wa tundu pete ilikuwa nzima. Niliuviringisha mwingine, nikakirudisha kwa robo saa. Kusi hili naingia kwenye fremu ya kioo cha mbele, na mdogo wangu nimeshamwagiza roli ya tatu.