Koki ya Sinki la Bafuni: Ipi Ununue Kama Utaifunga Mwenyewe

Kabla hujavutiwa na mng'aro wa koki yoyote, inama chini ya sinki lako uhesabu matundu. Tundu moja linataka koki ya mpini mmoja. Yakiwa matatu, pima kutoka katikati ya tundu la kushoto hadi katikati ya la kulia: inchi 4 ni koki yenye kitako kimoja, inchi 8 ni ya vipande vitatu. Ukikosea hapo, hata koki bora haitakaa.

Ninayoipa nafasi ya kwanza ni koki ya brasi ya mpini mmoja, yenye katriji ya kauri, yaani kile kipande cha ndani kinachofungua na kufunga maji. Ndani yake visahani viwili vya kauri huteleza kimoja juu ya kingine, hivyo hakuna wosha ya kulika kila unapokaza. Inyanyue kwanza dukani. Brasi ina uzito unaousikia mkononi. Kisha uliza kama katriji yake inauzwa peke yake. Kama haipatikani, achana nayo, kwa sababu ndiyo itakayochoka kwanza.

Ya pili ni ya chuma kisichoshika kutu, daraja la 304. Ile isiyopakwa kitu haina kromu, ule mpako wa kung'aa, ya kubanduka. Epuka tu zile nyembamba zinazobonyea.

Ya tatu ni koki ya brasi ya kizamani, yenye wosha ya mpira. Wengi huidharau, mimi naitetea. Kama maji yako yana mchanga, au yanashuka kutoka kwenye tangi lisilo juu sana, iweke ya kwanza. Mchanga hukwaruza kauri, na mipira myembamba ya kupitishia maji ya koki za mpini mmoja hupunguza maji yanayokuja kwa presha ndogo. Wosha ikilika, unabadilisha hiyo wosha tu.

Mwisho kabisa ni zinki iliyopakwa kromu. Kromu ikichubuka, maji huila zinki na shingo hupasuka. Ya plastiki haishiki kutu, lakini hesi zake (ile mizunguko ya kukazia) huharibika ukikaza kupita kiasi. Ni ya kujishikiza.

Nunua pia mipira mipya ya kuunganishia koki na bomba, na spana ya sinki yenye mpini mrefu, maana spana ya kawaida haifiki kwenye nati za nyuma. Tepe ya teflon ni ya hesi za chuma kwa chuma. Pale ambapo nati ina wosha ya mpira ndani, usiizungushe: mpira ndio unaoziba, tepe itaukosesha kukaa sawa.

Jaribu koki ndogo za chini ya sinki kabla hujafungua chochote. Zisipokata maji, funga ya nyumba nzima, ubadilishe hizo kwanza. Ukimaliza kufunga, fungua kichujio cha mdomoni, acha maji yatoke mpaka uchafu uishe, ndipo ukirudishe.