Elfu sitini ndani ya Vitz: nilichobadilisha na nilichojutia

Toyota Vitz yangu ni ya 2012, injini ya cc 996, na nilipoinunua ilikuwa ikisugua tumbo kwenye kila tuta la barabara ya mtaani kwetu Utawala, Nairobi. Nilikuwa na shilingi elfu sitini za kuirekebisha. Rafiki mmoja alinisukuma ninunue rimu pana na ekzosi ya kunguruma. Injini ya cc 996 hata ingurume vipi, mlimani itapitwa na Probox iliyojaa miraa, kwa hiyo hilo nililiacha.

Nilianza na spesa, vipande vinavyowekwa kwenye springi ili kuinua gari, na hapo ndipo nilipokosea. Fundi wa Kirinyaga Road, ambayo wengi bado tunaiita Grogan, aliniwekea spesa za inchi moja kwenye springi za mbele na nyuma kwa 4,500 pamoja na kazi. Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, nikalipa 1,500. Tumbo liliacha kusugua siku hiyo hiyo. Lakini kwenye Eastern Bypass, kila lori liliponipita gari liliyumba hadi nikashika usukani kwa mikono miwili.

Fundi wa pili alikandamiza boneti kwa viganja, akaachia, kupima shoki, vifaa vinavyozuia gari kudunda. Gari likadunda mara tatu kabla ya kutulia.

"Mkubwa, shoki zimekufa kitambo. Umemvisha mgonjwa viatu vya mchuchumio."

Shoki mpya za KYB, mbele na nyuma, zilinigharimu 22,000. Kazi ya kufungua ilikuwa 3,000, ile ile niliyokwisha kulipia, kisha alaimenti nyingine 1,500. Ningeanza kwa kukandamiza boneti mwenyewe, magurudumu yangefunguliwa mara moja tu. Spesa zenyewe sizilaumu, ila msikubali mtu awauzie za inchi mbili kwa gari dogo kama hili. Ekseli za mbele huinama kupita kiasi, mipira inayofunika viungo vyake hupasuka mapema, grisi inamwagika na mchanga unaingia. Hapo unanunua kiungo kizima.

Pesa zilizonipa raha kubwa zaidi ni za tairi. Zile za zamani zilikuwa na meno mazuri na aliyeniuzia gari alizisifu sana. Nikasoma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu, baada ya herufi za DOT: 1416. Yaani wiki ya 14 ya mwaka 2016. Mpira ulikuwa umekauka kama kwato, na mvua za Aprili zilishanitelezesha mara mbili kwenye mzunguko. Nne mpya, 165/70R14, nilizipata kwa 25,000. Sasa nikikanyaga breki barabara ikiwa na maji, gari linasimama pale ninapotaka.

Balbu za LED za 2,000, hapana. Taa za gari hili zilitengenezewa balbu ya H4 ya kawaida, na kioo cha ndani kinategemea waya wa balbu ukae mahali pake hasa. Ukitia LED ya bei rahisi, mwanga hutawanyika hadi juu. Kila aliyekuja mbele yangu alinimulikia kwa hasira, nami kwenye mvua sikuona zaidi ya ukungu mweupe. Muuzaji alikataa kuzirudisha. Nimerejesha za zamani.

Kisha kuna jambo la 800 ambalo halina fahari yoyote: kuchorwa namba ya gari kwenye vioo vya pembeni na kuvipigilia ripiti, pini za chuma za kuvishikilia. Dakika ishirini hivi. Niliwahi kung'olewa kioo kwenye foleni mchana kweupe, mimi mwenyewe nikiwa ndani, na kukinunua tena kulinigharimu mara kadhaa ya hiyo 800. Tangu nichore, havijaguswa.

Jumla ni 60,300. Imebaki gadi ya chuma ya chini ya injini, ambayo nimetajiwa 4,500. Hiyo itangoja mwisho wa mwezi, na yule rafiki wa ekzosi bado ananipigia simu.