Kopo la chakula cha figo: miezi minane na Mawingu

Paka wangu Mawingu ana miaka 14. Alianza kunywa maji kupita kiasi, mabonge ya mkojo kwenye mchanga wake yakawa makubwa, na ukimpapasa mgongoni unahesabu mifupa. Damu ikapimwa: kreatinini, taka ambayo figo huichuja, iko juu, ugonjwa wa figo hatua ya 2. Daktari wa mifugo akamwandikia chakula maalumu cha figo. Sasa ni mwezi wa nane, nimejaribu cha kopo na kikavu.

Kazi kubwa ilikuwa kumfanya akile. Madini ya fosforasi yamepunguzwa sana, protini nayo kiasi, na harufu yake ni hafifu. Mawingu alinusa, akaparua sakafu kama anafukia kinyesi, akaondoka. Nilikuwa nimemnyima chakula chake cha zamani siku hiyo hiyo nikidhani njaa itamlegeza, na bado inaniuma nikikumbuka. Paka akikaa siku kadhaa bila kula, ini lake linaweza kujaa mafuta, na hilo linaua. Daktari alinikanya: bora ale chakula cha kawaida kuliko asile kabisa.

Nikaanza upya, kijiko kimoja cha chai kwenye kisahani cha pembeni, chakula cha zamani kikiwa palepale. Alipokizoea nikachanganya, nikiongeza kidogo kidogo. Ilichukua wiki tatu. Kilichosaidia zaidi ni joto. Kikitoka kwenye friji hakigusi. Nikikalisha bakuli ndani ya maji ya moto mpaka kiwe vuguvugu, harufu inaamka naye anakuja mwenyewe. Na siku anayotapika au kulamba midomo kwa kichefuchefu, simwekei kabisa chakula kipya, maana paka huunganisha chakula na ugonjwa, na akishakichukia ndio basi.

Katika makopo, chagua kile kilichosagwa laini. Cha vipande kwenye mchuzi kilinidanganya: alilamba mchuzi wote, nyama akaiacha, nami nikaandika kwenye daftari kwamba amekula. Kilichosagwa nakilegeza kwa maji ya uvuguvugu. Figo zilizochoka haziwezi kuukoleza mkojo, maji yanapotea mchana na usiku, na kopo lenyewe ni maji zaidi ya robo tatu, wakati kikavu kina asilimia 10 tu hivi. Kikavu namwachia punje chache za usiku kwa sababu anazipenda.

Ninacholalamikia ni maelezo ya kopo. Yanataja kiasi kwa uzito wa paka, ila namna ya kumhamisha hayaigusi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kopo kubwa pia halimfai paka mmoja. Nusu yake inamwagwa. Usijaribu kukikoleza kwa supu yenye kitunguu maji wala kitunguu saumu, vinaharibu damu ya paka.

Alikuwa kilo 3.4, sasa ana 3.7. Fosforasi kwenye damu imeshuka. Kreatinini iko palepale, na kwangu kubaki palepale ni habari njema, kwa kuwa figo iliyokufa hairudi. Nitaendelea kununua: kopo dogo, lililosagwa. Namba nyingine tutaziona kipimo kijacho cha damu.