Picha za zamani za stesheni na mitaa: nilichopata ndani ya fremu

Nilinunua seti ya picha nne za zamani zilizokwisha kutiwa fremu, na tatu kati yake nazipenda kupita kiasi. Naandika kwa kirefu kwa sababu wauzaji wengi husifia mbao na rangi ya fremu, ilhali uzuri wa picha ya aina hii uko kwenye uchapaji wake.

Iliyonivuta ni ile ya ukumbi mkuu wa Grand Central, New York, miale ya jua ikishuka kutoka madirisha ya juu mpaka sakafuni. Stesheni ilifunguliwa mwaka 1913. Leo huwezi kuipata picha hiyo hata ukiwa na kamera ya namna gani, kwa maana majengo marefu yaliyoizunguka yamelizuia jua. Kwenye nakala yangu weusi wa kivuli haujaganda. Ukisogea unaona bado mistari ya mawe ukutani. Watu waliosimama wametoka wazi hadi ukingo wa kofia, na waliokuwa wakitembea wamebaki kama moshi, kwa kuwa kamera iliachwa wazi kwa muda. Hapo ndipo unapouona umati ukienda.

Pembeni yake nimetundika Penn Station ya jiji hilohilo, dari lake la vyuma na vioo. Ilifunguliwa 1910, ikaanza kubomolewa 1963. Hasira za watu juu ya bomoabomoa hiyo zilichangia jiji kupitisha sheria ya kulinda majengo ya kihistoria mwaka 1965, na sheria hiyo ndiyo iliyoinusuru Grand Central pale Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoiunga mkono mwaka 1978. Kwa hiyo kwangu picha hizi mbili hazitenganishwi.

Ya tatu ni ya Paris: treni iliyotoboa ukuta wa stesheni ya Montparnasse mwaka 1895, kichwa chake kimeegemea ukuta, pua chini barabarani. Uchapaji ni safi sana. Wageni huitazama wakacheka, nami huwaambia kwamba mawe yaliyoporomoka yalimuua mwanamke aliyekuwa kwenye kibanda cha magazeti. Maelezo yaliyobandikwa nyuma ya fremu yanataja mwaka na stesheni, yeye hayamtaji. Hilo limeniuma.

Sasa ile ya nne. Ni Mulberry Street, New York, mnamo 1900, ile yenye mikokoteni ya wachuuzi na watu walioacha shughuli zao kuikodolea macho kamera. Utamu wote wa picha hii ni nyuso. Niliyoletewa haikuwa na nyuso: zilikuwa madoa laini kama nta, dalili ya faili dogo lililovutwa kwa nguvu mpaka likajaa karatasi. Na hapakuwa na sababu yoyote, maana Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka kwenye intaneti kwa ukubwa wa kutosha, bure. Tena ilitangazwa kuwa picha ya rangi, wakati rangi zile ziliongezwa kiwandani juu ya picha nyeusi na nyeupe. Nilimpigia muuzaji picha ya ile sehemu kwa karibu, akanibadilishia bila ubishi, na nakala ya pili ni nzuri.

Kuhusu fremu yenyewe sina mengi. Ni imara, na kadibodi nyeupe inayozunguka picha haina asidi, kwa hiyo haitaiunguza karatasi ikawa njano. Pia inaizuia picha isiguse kioo; unyevu ukiingia huishika ikagandamana nacho. Kioo chenyewe ni cha kawaida na kinang'aa mno, usikitundike mkabala na dirisha.

Kabla hujalipa, mwombe muuzaji akutumie kipande kidogo cha picha, uso mmoja au saa ya ukutani, kwa ukubwa uleule itakavyochapwa. Akikwepa, achana naye.

Kwa sasa natafuta tao la mawe la stesheni ya Euston, London, lililobomolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Anayemjua mchapaji anayetumia negativu kubwa (ile filamu au kioo cha awali kinachotolewa picha), tafadhali anielekeze.