Tamasha la Kwaya Lililofunguka Spika Zilipozimwa

Jumamosi iliyopita nilihudhuria tamasha la kwaya katika kanisa moja kongwe jijini Dar es Salaam, ambako waimbaji wapatao 40 waliimba sehemu za Messiah, utunzi mkubwa wa kwaya wa Handel, mtunzi wa karne ya 18, pamoja na nyimbo kadhaa za asili. Kiingilio kilikuwa shilingi 10,000, na kwa kipindi cha pili peke yake ningelipa hata mara mbili.

Kipindi cha kwanza kilinisikitisha. Spika mbili kubwa zilifunguliwa kiasi kwamba soprano wachache waliosimama karibu na vipaza sauti walisikika kana kwamba wako peke yao, huku alto na besi wa safu ya nyuma wakimezwa na kinanda. Kwaya ni sauti nne, kuanzia soprano ya juu, alto na teno hadi besi ya chini, zinazosikilizana, na fundi mitambo akishachagua ipi isikike, mazoezi ya miezi mingi yanapotea. Wala si tatizo la kwaya hiyo tu, kwa kuwa katika makanisa yetu mengi tumezoea kupima uzuri wa uimbaji kwa ukubwa wa sauti.

Baada ya mapumziko mwalimu wa kwaya aliagiza spika zizimwe, na ninamshukuru kwa dhati. Nyimbo za asili zilitangulia, kwa ngoma moja na kayamba, na ndipo nilipowasikia besi kwa mara ya kwanza jioni ile.

Kisha ikaja Haleluya, wimbo unaofunga sehemu ya pili ya Messiah. Handel aliuandika mwaka 1741, ukaimbwa hadharani Dublin tarehe 13 Aprili 1742, enzi ambazo ukumbi ulijazwa na vifua vya waimbaji na ala zao tu, na muziki wenyewe umepangwa kwa hali hiyo. Katika maneno ya kutawala milele besi huanza, wakafuata teno, wakaja alto, hatimaye soprano, kila kundi likiingia huku lililotangulia likiendelea. Teno walikuwa watano tu na walielemewa kidogo, lakini waliingia kwa wakati. Baadaye soprano walishikilia noti ndefu, wakipanda hatua kwa hatua, bila yeyote kupiga kelele.

Kabla ya neno Haleluya la mwisho, nota zinaagiza kimya. Nimezisikia kwaya zikikiruka kimya hicho kana kwamba ni kosa la uchapaji. Hawa walikisubiri. Tukaisikia sauti iliyotangulia ikizunguka chini ya dari la mbao na kufifia, mtoto aliyekuwa benchi la mbele akageuka kumtazama mama yake, na ndipo waimbaji wote wakaingia kwa pamoja, polepole, nasi tukiwa tumesimama.

Tamasha litarudiwa Jumamosi ijayo saa kumi na moja jioni. Nitakwenda tena, nikiomba spika zizimwe tangu wimbo wa kwanza.